Mwalimu Tusajigwe, Aliyeambiwa Asubiri

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Tusajigwe, tuliyemzunguka hapa, alizaliwa Busale tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa tatu wa Mzee Ambilikile na Mama Veronika, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi 2005, sekondari hadi 2009, kisha akaenda chuo cha ualimu, akahitimu 2012.

Aliajiriwa 2013 kufundisha darasa la kwanza huko Talatala, na wazazi wa kule ni mashahidi kwamba sauti yake ilifika hadi kwenye majaruba ya mpunga, wala hakuwahi kumwita mtoto mjinga. Tarehe 8 Agosti 2015 alifunga ndoa na Ambwene, mkulima wa kakao, wakajaliwa Lusungu, 2016, na Tuntufye, 2019.

Mimba ya tatu aliitaka kwa moyo wote, na familia imeamua hilo lisemwe wazi kwa sababu ya maneno yanayozungushwa sokoni. Tarehe 6 Mei mwaka huu, mimba ikiwa ya miezi minne na nusu, chupa ilipasuka, akalazwa, naye Daktari Clemence, baada ya kumpima, alimweleza Ambwene kwamba mtoto hataishi, na kwamba kizazi kisiposafishwa mapema mama ataingiwa na maambukizi.

"Basi msafishe, daktari," Ambwene akasema.

"Moyo wa mtoto bado unapiga, baba. Sheria inaniruhusu kuokoa uhai wa mama, na mama kwa sasa anaongea vizuri. Mwenzangu aliwekwa mahabusu kwa jambo kama hili. Tusubiri."

Wakasubiri, Ambwene akimpepea mkewe kwa kanga, mpaka tarehe 8 homa ilipopanda, Tusajigwe akawa anamwita Lusungu ambaye hakuwepo, moyo wa mtoto ukanyamaza, ndipo daktari akamsafisha, lakini sumu ilikwishaingia kwenye damu, akafariki tarehe 9 ndani ya gari la wagonjwa, kabla ya kufika hospitali ya Tukuyu. Mtoto, wa kiume, yumo naye jenezani.

Familia inawashukuru majirani waliopika na kuchota maji, pamoja na walimu wenzake, ndaga fijo, asanteni sana. Kuhusu madaktari, wazee wengine walitaka tuwashutumu hapa hadharani, Ambwene amekataa, na Daktari Clemence mwenyewe amekuja, amekaa kule nyuma. Daktari, tunakushukuru kwa kutomdanganya mume, maana ulimtajia ugonjwa mapema, ukamtajia na tiba yake. Waliokufunga mikono hawajafika msibani.

Pumzika, Mama Lusungu, na amani tuliyoshindwa kukupatia ukiwa hai, Mungu akupe.