Injini Si Yake

Baba Padri, Mama Leocadia, watoto, wajukuu, majirani, na ninyi nyote mliofika na magari yenu kutoka karibu na mbali, haya ndiyo maisha ya Lucjan Stanisław Wojtasik kwa kadiri familia ilivyoweza kuyathibitisha, na pale iliposhindwa kuthibitisha itasema hivyo waziwazi, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuvumilia kitu chochote kusifiwa zaidi ya kilivyo.

Lucjan alizaliwa hapa Hamtramck, Michigan, tarehe 14 Novemba 1946, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu Stanisław, mfanyakazi wa kiwanda cha magari, na marehemu Jadwiga, mpishi wa shule ya parokia. Cheti cha ubatizo kinataja tarehe 12, na mama yake aliishikilia hiyo hadi kufa kwake, lakini familia imefuata cheti cha serikali, bila kukana kwamba Lucjan alikula keki siku zote mbili. Mdogo wake, Kazimierz, tunayemwita Kaz, alizaliwa mwaka 1951, na ikiwa wapo wanaojiuliza kwa nini leo ameketi benchi la mbele, ameketi hapo kwa ombi la Mama Leocadia, na sababu zake zitafahamika kabla historia hii haijafika mwisho.

Alianza masomo katika shule ya parokia Septemba 1952, akamaliza sekondari Juni 1964, na walimu waliomfundisha, kwa mujibu wa ripoti zilizosalia, walimwona mwanafunzi wa wastani aliyeuliza maswali kupita kiasi. Mwezi uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha injini mjini Pontiac, ambako kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kugonga namba kwa nyundo na chapa ya chuma juu ya bloku za injini, namba ileile iliyogongwa kwenye chesisi, ili kila injini ijulikane imezaliwa na gari lipi. Ninyi mnaokusanya magari ya miaka ile, yale yenye injini kubwa na mngurumo wa kutetemesha vioo vya nyumba, mnajua namba hizo zina uzito gani, kwamba gari lenye injini yake ya kuzaliwa na gari lililowekewa injini ya kuazima, hata yakifanana mpaka kwenye skrubu ya mwisho, ni magari mawili tofauti.

Tarehe 17 Juni 1972, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Leocadia Pietrowska, wakajaliwa watoto wawili, Renata, aliyezaliwa mwaka 1975, na Tadeusz, aliyezaliwa mwaka 1978, na baadaye wajukuu watatu. Mwaka 1979 aliacha kiwanda, na yeye na Kaz wakafungua uwanja wa kuuza magari ya zamani hapo Barabara ya Conant, Lucjan akikagua na kuuza, Kaz akitengeneza, na hakuna shahidi hata mmoja aliyehojiwa na familia anayekumbuka ndugu wawili waliofanya kazi kwa raha kuliko hao.

Uwanja ule ulikuwa na desturi yake. Lucjan hakuwahi kupasha injini moto kabla mnunuzi hajafika, kwa sababu injini iliyopashwa huficha maradhi yake, na kila mnunuzi, awe daktari au dereva wa lori, alitakiwa kwanza aweke kiganja juu ya boneti. "Baridi, siyo?" alikuwa akiuliza. "Haya, sasa tuwashe. Likikohoa, liache likohoe, tulisikie." Kisha alimtajia mnunuzi kila kasoro, kutu chini ya zulia, mlango uliopakwa rangi upya, gia ya pili inayogoma, hata rafiki yake Ambrose Sklar, aliyeko hapa, ambaye alimwita Lou, akawa anamtania kwamba, "Lou, wewe huuzi gari, unalisengenya mpaka mtu analionea huruma na kulichukua."

Sasa familia inafika kwenye jambo ambalo limesemwa sana katika mji huu, na imeona ni afadhali lisemwe hapa, mbele ya jeneza, kuliko nje ya mlango. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1988, Lucjan alipokuwa akimuuguza mama yao katika wiki zake za mwisho, uwanja uliuza Pontiac GTO ya kijani ya mwaka 1969 kwa mwalimu mmoja wa Toledo, Bwana Harlan Dettweiler, kama gari lenye injini yake ya kuzaliwa. Miaka mitatu baadaye mwalimu alilirudisha kurekebishiwa kabureta, Lucjan akainama na tochi, akapitisha ukucha pale penye namba, akakuta uso wa chuma laini kama kioo mahali ambapo palipaswa kuwa na mikwaruzo myembamba ya mashine ya kiwandani. Namba ya zamani ilikuwa imesagwa na mpya kugongwa juu yake.

Alilinunua gari lile tena siku hiyohiyo, akamwomba mwalimu radhi akiwa amevua kofia, kisha akaingia karakana kumuuliza mdogo wake, ambaye hakukana. "Kaka, hiyo ni namba tu," Kaz alisema. "Injini inanguruma vilevile." Lucjan akamjibu, "Namba ndiyo jina lake, Kaz. Umeipa injini hii jina la marehemu wa watu." Jioni ile Kaz alipakia spana zake akahamia Lima, Ohio, na baba yao alipozikwa mwaka 1996, wana hao wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi.

Je, Lucjan alijua tangu mwanzo? Familia imelipima swali hili kwa makini, na haikupata ushahidi wowote kwamba alijua. Upande wa pili kuna ununuzi ule wa siku hiyohiyo, uliofanywa kabla mtu yeyote hajalalamika, na kuna kauli ya Kaz aliyoitoa wiki hii mbele ya watu wawili, kwamba alifanya peke yake, kwa tamaa, akijua kaka yake yuko kando ya kitanda cha mama. Haki inadai pia isemwe kwamba gari lilikaa uwanjani wiki sita mbele ya macho ya mtu aliyewahi kugonga namba hizo kwa mkono wake, na Lucjan hakujisamehe kamwe kwa kutolitazama.

Hakuliuza tena. Alilifunika, akaweka bango la kadibodi nyuma ya kioo cha mbele, limeandikwa kwa herufi kubwa "Injini si yake", na kwa zaidi ya miaka thelathini kila mteja aliyeuliza alisimuliwa kisa chote, isipokuwa jina la aliyefanya. Kila majira ya kuchipua Mama Leocadia alikung'uta vumbi la turubai, na kila mara alimwambia mumewe kwamba kaka mtu ndiye anayepaswa kupiga simu kwanza, naye kila mara aliuliza kama kahawa imebaki.

Mnamo Machi 2022 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yalikuwa yakikauka, maradhi yasiyo na dawa ya kuyaponya, na mwaka uliofuata uwanja ulifungwa, gari la kijani likahamishiwa gereji ya nyumbani. Wakati huohuo, bila Lucjan kujua, Kaz alikuwa ameipata injini ya kweli katika shamba moja nje ya Lima, ikiendesha pampu ya maji, baada ya kuitafuta kwa miaka ambayo hakutaka kuihesabu. Alimpigia simu Mama Leocadia, akamsihi, "Shemeji, usimwambie. Nataka aisikie, nisije nikamletea maneno matupu."

Mama Leocadia alikubali, akaibeba siri hiyo huku akisikiliza pumzi za mumewe zikifupika. Agosti mwaka huu alimpigia Kaz akamwambia aje sasa, aje na injini jinsi ilivyo, na Kaz akamjibu kwamba pistoni zimeshaingia lakini kabureta iliyopo si ya mwaka wake, na kwamba Lucjan angeitambua kabla yeye Kaz hajashuka garini. Septemba alimpigia tena, na jibu lilikuwa kabureta ileile. Ninyi mnaoijua kazi hii hamtamshangaa, kwa maana wengi wenu mngengoja vilevile. Familia nayo haimhukumu, inaeleza tu kilichotokea.

Ijumaa ya tarehe 4 Oktoba Lucjan alipoteza fahamu nyumbani kwake. Kaz aliwasili Jumapili mchana, injini ikiwa imefungwa kwa minyororo juu ya gari la mizigo, na kabureta sahihi juu yake. Aliingia chumbani na mikono yenye grisi, akapiga magoti, akasema, "Kaka, nimeileta. Ni yenyewe." Mama Leocadia anasema vidole vya mumewe vilisogea juu ya shuka, kama mtu anayepapasa chuma, naye muuguzi, Bi Odessa Tremblay, anasema vidole husogea vyenyewe katika hali ile, na kwamba hawezi kusema alisikia wala kwamba hakusikia. Familia imeyapokea maelezo yote mawili, na haina la kuongeza. Lucjan alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, alfajiri, mkewe na mdogo wake wakiwa kando yake.

Kabla ya historia hii kuandikwa, Renata na Bwana Sklar waliisoma namba ya injini na namba ya chesisi, kila mmoja peke yake, nazo zimelingana, mikwaruzo ya kiwandani ikiwa mahali pake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa Bi Tremblay kwa huruma yake na kwa ukweli wake, majirani walioleta supu na pierogi hata jiko likakosa nafasi, Bwana Dettweiler, aliyesafiri kutoka Toledo akiwa na miaka themanini na minane, na wote waliofanya kazi na Lucjan, ambao tangu juzi wamemsaidia Kaz kuirudisha injini ndani ya gari lake.

Gari hilo liko nje, mbele ya mlango. Injini haijawashwa tangu iingizwe, kwa hiyo ni baridi, na mtakapotoka mnaombwa kuweka kiganja juu ya boneti, Mama Leocadia akitangulia, kisha Kaz ataliwasha wakati jeneza likipita. Likikohoa, liacheni likohoe. Bango la kadibodi Mama Leocadia ameliondoa leo asubuhi kwa mkono wake.

Pumzika, Lucjan, na amani iwe nawe; injini ni yake.