Neutrino Zinapita Kijiweni

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na mguu wa benchi ulio mfupi umeinuliwa kwa kipande cha kigae alichokileta Fundi Vigae mwenyewe. Jioni ile alikuja, akaagiza kahawa, akaiacha ipoe. Kesho bintiye anatetea tasnifu yake ya uzamivu ya fizikia mbele ya watu, na baba mtu amepokea kazi ya bafu la mtu saa ileile. Kwa makusudi! Nilikasirika, nikamwambia atueleze hiyo tasnifu ina nini hata imkimbize.

— Kuna vitu vinaitwa neutrino, akasema. Vidogo mno. Viko aina tatu. Kinaondoka cha aina hii, njiani kinageuka, kinafika cha aina ile.

— Kigeugeu! akadakia Spana, fundi magari. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Binti anasema havichanganyiki ovyo. Huenda kuna mpangilio nyuma yake, kama vigae vya maua: ukiusogeza au kuugeuza kwa namna fulani, unauona vilevile. Anadhani huo ndio unaoamua aina ipi ichanganyike na ipi, na kwa kiasi gani.

— Tena vinatupita mwilini sasa hivi, akasema Kinyozi. Nilisikia redioni.

— Kumbe! Ndiyo maana kiuno kinaniuma, akasema Spana.

— Na wateja wangu je? Mtu anaingia anataka denge, akitoka anadai alitaka kipara. Kageuzwa njiani!

Tukacheka. Fundi hakucheka.

— Mnaona? Kule watakuwepo maprofesa. Nikipiga makofi pasipo pake, je? Naogopa kumwaibisha mwanangu, jamani.

— Mchelea mwana kulia, hulia yeye! nikafoka. Methali haikuwa mahali pake, lakini hasira haichagui.

Mara binti huyo hapo, shati jeupe la babake mkononi, limetundikwa kwenye henga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Baba, shati nimeshalinyoosha. Sasa niambie, kesho utakaa upande gani? Maneno yakinipotea, nataka nijue pa kuangalia.

Spana akachungulia kikombe kitupu. Kinyozi akaanza kufagia palipokwisha fagiliwa.

Fundi alifuta saruji mikononi, akalipokea shati kwa ncha ya henga, kisha akatoa simu.

— Bosi, kesho sitakuja... La, si msiba. Ni mwanangu.