Morgan Kiti Katana, Aliyekufa Mara Nyingi Jukwaani

Marehemu Morgan Kiti Katana alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Kaloleni, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Katana na mkewe. Alisoma shule ya msingi hukohuko, na mwaka 1975 akashuka Mombasa kwa masomo ya sekondari. Hesabu zilimpiga chenga, lakini akifungua kinywa darasa zima lilikuwa tayari kucheka.

Mwaka 1981 aliajiriwa bandarini, akaendesha kreni gatini Mbaraki hadi alipostaafu mwaka 2014. Hiyo ilikuwa kazi. Roho yake ilikuwa ukumbi wa kanisa. Pasaka ya 1984 alitunga na kuigiza “Matanga ya Bure”, kichekesho cha mzee anayejifanya amekufa ili asikie watu watamsemaje. Aliyekuwa aigize mjane hakutokea. Akasukumwa jukwaani Kache, msichana wa kwaya, akaambiwa alie tu. Lo! Kuona kidole cha mguu cha maiti kinachezacheza, Kache akaangua kicheko. Maiti akaketi, akamuuliza, “We mwanamke, huna huruma?” Watu walivunjika mbavu. Tangu hapo mchezo ukawa unaishia kwa kicheko hicho, na tarehe 7 Desemba 1985 wawili hao wakafunga ndoa.

Mwaka jana binti yao Sidi aliugeuza mchezo huo kuwa filamu ya vijana. Mzee akawa mwanafunzi wa sekondari, na mbiu ya msiba ikawa ujumbe wa simu. Jukwaani majirani waliomsengenya mzee ndio waliogaragara kwa kilio. Kwenye filamu, wanafunzi waliomcheka mwenzao jana ndio wanaoandika kwamba ameacha pengo. Unafiki ni uleule, umebadili nguo tu, na hapo baba na binti walikubaliana. Waligombana juu ya mwisho. Katika filamu, mama wa kijana anakuja mbio pekupeku kutoka Kibarani, anamkuta mwanawe anatabasamu, lakini mama hacheki. Anaketi sakafuni akilia, na filamu inakwisha.

Morgan alihamaki. “Umeniharibia mchezo, mwanangu. Kichekesho hakiishii kwa machozi.”

Sidi akamjibu, “Baba, kwako watu wanafiwa na hakuna anayeumia.”

Wiki nzima chakula hakikulika kwa ubishi. Mwishowe mzee alisalimu amri, akaazimia kuurudisha mchezo Pasaka hii, mjane alie kwelikweli. Aliyegoma ni Kache. “Nikulilie vipi, nawe nakuona wapumua?” Basi mazoezi yakawa sebuleni kwao Makadara. Kila mzee akilala mkekani, mkewe anacheka, anamtekenya nyayo, na wanaanza upya.

Tangu mwaka 2019 Morgan aliugua shinikizo la damu na moyo, na dawa alizimeza bila kukosa. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, baada ya chai, Kache alikuwa jikoni akikuna nazi. Alipochungulia sebuleni alimwona mumewe amelala mkekani. Akacheka. “Haya, leo umekufa vizuri!” Akarudi kumaliza nazi yake. Alipokuja kumtekenya, hakuinuka. Jirani yao Mejumaa alisikia mayowe, akaja mbio. Hospitalini daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na hata angechukuliwa papo hapo asingepona.

Kache hasadiki. Hali, halali, na ukimpa pole anajibu neno moja tu: “Nilicheka.” Na hapa matangani wamepatikana wa kunong'ona kwamba mke gani huyo. Aibu yao! Tumeumia vya kutosha.

Marehemu ameacha mjane, Kache, watoto wawili, Sidi na Ronny, wajukuu watatu, na mdogo wake Kingi, anayewasomea wasifu huu.

Shemeji Kache, sikiza mbele ya watu hawa wote. Hukumuua mumeo. Miaka thelathini na tisa mtu huyu alirudi nyumbani mbio ili akuchekeshe kabla hujalala. Kama kuna sauti iliyomfikia mwisho, ni yako ukicheka, nasi hatujui wangapi kati yetu wataagwa hivyo. Lia sasa, shemeji, hakuna atakayekulaumu.

Lala, Morgan. Mwenyezi Mungu akupokee, na mkeo tutamwangalia sisi.