Jora Lililoandikiwa Uongo

Mafundi wenzangu wa Kisii na Nyamira, namshukuru Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Nimeombwa niseme jinsi kikundi chetu kilivyoanguka kikainuka. Majina sitataja. Wenyewe wakisikia watajijua.

Sisi ni akina mama wa cherehani pale Keroka. Tulishona mifuko na aproni za mnunuzi wa ng'ambo. Siku moja akasema anataka kujua kila kitambaa kimetoka shamba gani, kimefumwa wapi, kimeshonwa na nani. Akatuletea mtaalamu kutoka Nairobi atufundishe blockchain. Kijana akaeleza vizuri: ni kumbukumbu ya mtandaoni. Mkulima anaingiza habari zake, kiwanda zake, sisi zetu, na zikishaingia hakuna wa kuzifuta. Nilifurahi, jamani. Nikasema leo wadanganyifu wamepatikana.

Kumbe! Maelezo yote ya kwenye simu yalikuwa kwa Kiingereza. Wengi wetu tuna simu za kubonyeza tu, na mvua ikinyesha mtandao unapotea. Hayo tungevumilia. Lakini dalali aliyetuletea majora ya kitambaa, nilipomwuliza pamba ilitoka wapi, alinikodolea macho.

"Mama, nikikuambia, kesho utanihitaji wa nini? Si utaenda mwenyewe?"

Ndugu zangu, nawaambia, lile jora lilinuka. Ukilifungua, harufu ya mafuta ya taa na mtaro inakupanda mpaka kooni. Maji ya kulifulia yalitoka meusi. Mwenzetu aliyekuwa akikata kitambaa akavimba mikono, ngozi ikambambuka katikati ya vidole. Nikamwonyesha mtaalamu ile mikono. Hata hakuinua macho kutoka kwenye simu. Alikuwa ameshajaza: pamba safi ya hapa Kenya, rangi ya mimea. Kilichobaki ni kidole changu mimi mwenyekiti, nithibitishe.

"Lakini hii si kweli," nikamwambia.

"Mama, bonyeza tu. Mashine haijui. Nani atatoka ng'ambo aje Keroka kunusa kitambaa?"

Niliona kinyaa. Kitu kisichofutika, halafu mtu anataka kukitilia uongo, na mikono ya mwenzetu inatoa maji mbele yake! Nikakataa.

Kazi ikapotea. Wenzangu wakanigeukia: "Umewanyima watoto wetu chakula." Wakaondoka na cherehani zao. Hata kanisani siku ya Sabato, benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa. Nikaenda kuchuma majani chai kwa shemeji, nachuma huku nalia.

Aliyenitoa huko ni yuleyule wa mikono. Alinikuta shambani, akasema, "Dada, ulikataa kwa ajili yangu. Inuka, twende tukaitafute hiyo pamba yenyewe."

Tukateremka upande wa ziwa, kwenye kijiji ambacho mtaalamu alikuwa amekiandika kwamba ndiko pamba ya lile jora ilikotoka. Tukaelekezwa kwa mama mmoja mkulima wa pamba. Tulipomsomea yaliyoandikwa, alitema mate chini.

"Pamba yangu mimi? Hakuna mtu amekuja kuinunua. Ingieni muone."

Tukaingia. Magunia yalikuwa yamefika kwenye paa, panya wameshaanza kuyatoboa. Yule mama alikuwa analala kwenye kona iliyobaki.

Hapo ndipo woga uliponitoka. Tukamtumia mnunuzi mwenyewe picha za magunia, za ile mikono na za maji meusi. Tulidhani atatutupa. Kisha akapiga simu, akaomba radhi. Tukampa masharti: mkulima aingize habari zake kwa sauti ya kurekodiwa, kwa Kijaluo chake, sisi kwa Ekegusii, na mtu asithibitishe asichokiona kwa macho yake. Akakubali. Pamba ya yule mama ndiyo iliyofumwa ikawa jora letu la kwanza lisilonuka. Wenzangu wengi wamerudi. Wachache bado tunasalimiana kwa mbali.

Namshukuru dada yangu aliyenifuata kwenye majani chai, na yule mama aliyetufungulia mlango bila kutujua. Ninyi nawaachia neno hili: mtambo utapokea chochote unachoupa. Wa kukataa uongo ni wewe.

Na yule kijana? Nasikia bado anazunguka akifundisha vikundi. Akija kwenu, mpeni chai, kisha mpeni kitambaa anachotaka mkithibitishe, akinuse mbele ya watu wote.