Mlango wa Nyuma wa Gari la Deraya

Mheshimiwa Waziri, Mkuu wa Majeshi, makamanda, mafundi wenzangu wa karakana, wazazi wa askari na ndugu wageni waalikwa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nilisifu gari hili la deraya, na nitalisifu. Injini ni mpya, kamera zake zinaona gizani, na mwili wote umeongezwa mabamba ya kuhimili risasi nzito. Lakini je, askari aliyemo ndani anataka kujua nini kwanza? Anataka kujua kama atatoka.

Siku ya majaribio liliteremka mlima likiwa na askari wanane. Likiwa limeinamisha pua hivyo, waya ukaungua, moshi ukajaa. Sajini wao akabonyeza swichi ya mlango wa nyuma, mlango ukagoma: kwa mteremko ule, uzito wa mabamba mapya ulikuwa umeuzidi nguvu mtambo wa kuufungua. Nilikuwa bondeni na redio mkononi. Nikamsikia akisema, kama mtu anayeagiza chai, "Mama Injinia, humu hatuonani. Tunapitia juu." Wakatoka mmoja mmoja kwa tundu la paa, wakikohoa, yeye wa mwisho, nyusi zimeungua.

Mkuu wetu wa karakana alikuwa amekwisha kuitangaza tarehe ya sherehe hii. Nilimwendea, nikamwambia, "Mzee, gari haliendi popote."

Alinitazama weee! Kisha akasema, "Tengenezeni. Maneno ya wakubwa niachie mimi."

Mzee wangu, uliyameza mengi kwa ajili yetu. Tukabadilisha mtambo, tukaweka na mkono wa chuma wa kufungulia, maana umeme huzimika. Na nani aliingia kulijaribu tena mlimani palepale? Sajini yuleyule. "Nyusi zimeshaota," akasema, "twendeni." Mlango ukafunguka.

Kesho linakwenda mpakani, na miongoni mwa watakaopanda yumo binti yangu. Jana mezani aliniuliza, "Mama, una uhakika?"

Nilimjibu, "Nimepima kila ninachokijua. Nisichokijua ndicho kinachonila moyo."

Akaendelea kula. "Basi nitakuja kukuambia mwenyewe."

Kwa hiyo, wanangu mtakaolipanda, sifa ziacheni hukohuko mpakani. Tuleteeni lawama: kinachokwama, kinachovuja, kinachopiga kelele. Ila mzilete wenyewe, kwa miguu yenu, mlangoni kwetu.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni sana.