Jina Lililouza Mashine za Harbhajan

Sogeeni karibu, wanangu. Aman, keti hapa upande wa sikio langu zima, na wewe Bhoomi, mkaza mwanangu, acha vyombo vikae bila kuoshwa kwa leo. Were, usisimame hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Najua kwenu mkwe hasogelei kitanda cha mama mkwe wake, nami sitaki kukuvunjia heshima, basi vuta kile kiti, lakini kiweke mahali nikuone uso. Leo nitasema Kiswahili na si Kipunjabi, ili Were asikie kila neno kwa masikio yake, asije akaambiwa kesho kwamba mama alisema hivi na hivi. Mimi ni mtoto wa Ngara, Kiswahili changu hakina tatizo. Tatizo ni pumzi. Daktari alizungusha maneno mengi, nikamtazama usoni nikaelewa, kwa hiyo msinikatize.

Tuanze na mepesi. Duka la chini, pamoja na stoo na karakana ya nyuma, ni la Aman. Nyumba hii pia ni ya Aman, ingawa najua hutarudi kuishi Ngara, umeshazoea lifti ya Kilimani. Ipangishe, ila mpangaji asiwe mtu wa kukaanga samaki kwenye ngazi. Bangili zangu ni za Bhoomi, ambaye amenilisha na kunisafisha tangu nilale hapa bila kununa hata mara moja, na nimeona. Yule Kibe wa duka la pembeni, aliyeiga jina letu akabandika Komal Plus kwenye mashine zake mbovu za gemu akatuharibia soko, mwambieni nimemsamehe. Sijamsamehe kwa moyo wote, lakini nyinyi mwambieni hivyo, apate usingizi.

Sasa nakuja kwenye jina lenyewe, na hapa ndipo nitakapokuudhi, Aman. Vumilia.

Bhoomi, wewe uliolewa hapa ukakuta mashine yetu ya gemu imeshajulikana mji mzima, ukadhani ilizaliwa hivyo. Marehemu Harbhajan, mume wangu, alipoanza kuziunda huko nyuma ya duka kwa vipuri vilivyokuja na makontena, aliziita Turbovex Tisa. Nikamuuliza, kwa nini tisa, na ya nane iko wapi? Akaniambia jina la kizungu lenye namba ndilo la kisasa, mimi niangalie chapati zangu. Basi wakaja wenye vibanda vya gemu kutoka Kawangware, Kangemi na Kabiria, wakaishika, wakaigeuza nyuma na mbele, na kila mmoja akauliza lile lile nililouliza mimi: "Na ya nane iko wapi?" Mwingine anasema, "Mzee, hii ni feki ya gani?" Kadiri baba yenu alivyoapa kwamba si feki ya kitu chochote, kwamba ameiunda kwa mikono yake, ndivyo walivyozidi kushuku. Jina lile lilijitahidi kufanana na majina ya wakubwa, na mnunuzi akilisoma aliwakumbuka hao wakubwa, akaenda zake. Zilijaa stoo mpaka tukapanga magunia ya mchele juu yake.

Dada yako, Aman, alikuwa bado shule ya msingi, na wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Akitoka shuleni alikaa chini kwenye karakana na sare yake, akajaribu mashine moja baada ya nyingine, akicheza mpaka ipate moto, akitingisha nyaya, akiminya zile pedi za kuchezea kama mtu anayechagua maembe. Iliyostahimili aliibandika kipande cha selotepu, akaandika juu yake jina lake, Komal, ili baba yake ajue imekaguliwa. Hakuwa na nia nyingine. Siku moja akaja Munyiva, yule mama mwenye kibanda cha gemu Kabiria, amefunga Turbovex mbili ndani ya leso, akaziweka juu ya kaunta na kusema, "Mzee, hii imekufa. Hii ingine haijawahi nisumbua. Mimi nataka kama hii. Nipe Komal."

Baba yenu alicheka. Lakini Munyiva alikuwa na mdomo, na wiki hiyo wakaja wengine kutoka pande zile wakiitaka Komal, wala hawakutaka kusikia habari za Turbovex. Akachapisha stika, akalibandika jina la binti yake kwenye kila mashine. Hakuna aliyeuliza Komal ya kwanza iko wapi, wala Komal ni feki ya nini, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuilinganisha nacho. Stoo ilibaki tupu. Nyumba hii ilinunuliwa kwa jina hilo, na ada yako ya chuo, Aman, ililipwa kwa jina hilo.

Halafu Komal akakua, akampenda Were, fundi wetu, aliyekuwa akichomelea nyaya meza moja naye. Baba yenu hakupiga kelele. Alimwambia achague, Were au sisi, naye akachagua, akashuka ngazi na begi moja. Jioni hiyo hiyo tukakatazwa kulitaja jina lake humu ndani, picha zake zikatolewa ukutani, na mimi nikanyamaza. Were, unajua nilinyamaza, sitalipamba.

Hakukomea hapo. Alizibandua stika zote, na safari hii mashine zikawa Turbovex Kumi. Watu wakapotea dukani. Waliokuja walisoma lile jina, wakasema kampuni imeuzwa, au vipuri havitapatikana tena, wakatoka. Munyiva alisimama pale kaunta akauliza kwa sauti, "Kwani Komal alienda wapi?" Aliulizia mashine tu, maskini, lakini baba yenu aliingia stoo na hakutoka mpaka mama wa watu akaondoka. Hasara ilipomfika shingoni alizirudisha stika, bila kumwambia mtu lolote.

Tangu hapo huko chini jina linauzwa, huku juu limekatazwa. Nilikuwa naweka kiti pale dirishani, nyinyi mkadhani napenda jua. Nilikuwa nasikiliza wateja. "Nipe Komal mbili." "Komal yangu imepona?" Wageni ndio walionitajia mtoto wangu miaka yote hiyo, kwa sababu nyinyi, mliokula matunda yake, hamkuthubutu. Niliumia, wanangu. Niliumia kila siku na bado kesho yake nilirudi kwenye kile kiti.

Sasa wewe, Aman, umenikalia hapa na habari za kampuni ya Kilimani inayotaka kuziingiza mashine zetu kwenye maduka makubwa, mradi tu zibadilishwe jina. Nilimsikia yule kijana wao asiyevaa soksi akisema Komal ni jina la mtaani, halina hadhi. Akaleta lake, siwezi hata kulitamka bila meno yangu ya bandia. Nawe umekubali, kwa sababu unasema mauzo yameshuka na jina limechoka. Jina halijachoka. Zamani lilikuwa na maana kwamba kuna mtu alikaa chini akaijaribu mashine hiyo. Leo mnazibandika zote, nzima na mbovu, kisha mnashangaa zinaporudishwa.

Sikilizeni basi, hili ndilo nililowaitia. Duka ni la Aman. Jina si la Aman. Jina ni la Komal mwenyewe, na wakili Waceke ameshaliweka mikononi mwake kisheria. Ukitaka kuendelea kulibandika, utaenda Kabiria anakoishi umwombe. Ukitaka kulifuta uchukue la yule asiye na soksi, utaenda Kabiria umwombe vilevile, maana stika zote ni zake, hata za kubandua. Usimtume Were. Usimtume Bhoomi. Usiandike ujumbe. Uende na miguu yako, ukae kwenye kiti chake, unywe chai yake, umwombe. Akikukatalia, rudi kwenye Turbovex, sijui sasa itakuwa ya ngapi.

Usinikunjie uso. Nimekufunga, ndiyo, nimekufunga makusudi. Nikikuacha huru hutaenda, nakujua, wewe ni mtu wa kesho kesho kama baba yako.

Bhoomi, niinulie mto kidogo. Hapo. Maji... inatosha.

Mmeona Were amekuja peke yake. Nilimuuliza jana alipofika, mwenzake yuko wapi, akatazama viatu vyake, akasema, "Mama, amekataa kukuja. Anasema jina lake mnalitaka, yeye mwenyewe hamumtaki." Asante, Were, kwa kuniletea maneno hayo kama alivyoyasema. Nimeyameza usiku kucha na bado yananikwama. Ana haki.

Nikifa, mnipeleke Kariokor kuchomwa mapema, msinikalishe chumba cha baridi mkisubiri jamaa wa London. Moto uwashwe na Aman na Komal pamoja, mikono miwili, na mzee yeyote wa hekalu letu, gurudwara, akinung'unika, mwambieni ni mimi nimesema. Watu wapewe chakula washibe. Munyiva aitwe. Picha za Komal ziko chini ya godoro hili, mzirudishe ukutani kabla sijatolewa humu ndani.

Waheguru awalinde. Bhoomi, mikono yako isikose baraka. Were, ulimtunza mtoto wangu nilipomtupa, Mungu akutunzie wako. Aman... hata ukinikasirikia... ninakubariki. Riziki yako iwe pana. Nyumba yako isiwe na mlango uliofungwa.

Sasa toa simu. Mpigie Komal. Hapana, Were, wewe kaa, anaijua namba yako, atadhani ni wewe. Mpe Aman namba, yeye ndiye apige. Weka sauti juu, nisikie.

Inalia... Bado inalia. Ngoja, usikate.

Amepokea. Nyamazeni... ni yeye, nasikia anavyopumua. Aman, usimwambie halo. Usimwite dada. Dukani unalitaja kutwa nzima kwa watu usiowajua... Mwite. Mbona umeduwaa? Mwite kwa jina lake, mwanangu, kabla hajakata.