Mwalimu Mstari na Karatasi ya Ijumaa

Waombolezaji wenzangu, mimi ni kaka wa marehemu, nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo kwa haki yeye ndiye aliyepaswa kunifanyia mimi. Nitasoma polepole, na anayejua tarehe kuliko mimi namwomba anisahihishe baada ya maziko.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 3 Machi 1938, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa mtunza taa za ishara, na mama yetu, aliyekuwa mkunga. Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1946, tukitumia sleti moja watu wawili, yeye upande mmoja nami upande wa pili, na hadi uzee alidai kwamba upande wangu ndio uliokuwa na makosa mengi, na katika hilo hakunionea. Alimaliza shule ya kati Novemba 1955, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1956, akahitimu Desemba 1957 akiwa wa kwanza katika somo la mwandiko.

Alianza kazi Jumatatu, tarehe 13 Januari 1958, akafundisha katika shule tatu, na hii ya tatu, ambayo wengi wenu mlisoma, aliitumikia kuanzia 1969 hadi alipostaafu. Hapo ndipo alipopewa jina la Mwalimu Mstari. Nimesikia tangu jana wengine wakisema Bwana Mistari, jina sahihi ni Mwalimu Mstari, naye alilijibu bila kukasirika. Lilitokana na desturi yake ya kupita dawati kwa dawati na rula, akihakikisha kila herufi imekaa juu ya mstari, mkia wa g umeshuka nusu, kichwa cha k hakijalala, hata wanafunzi wake wote wakawa na mwandiko mmoja, na wazazi waliopokea barua kutoka kwa watoto wao walilazimika kushuka hadi jina la chini kuona ni mtoto yupi.

Jambo la pili mnalolikumbuka ni kona ya ubao. Kila Jumatatu asubuhi, juu kushoto, mahali pa upana wa kiganja, aliandika neno moja la kuwasaidia wanafunzi wake kusoma na kuishi, na neno hilo halikufutwa wiki nzima. Nimeyasoma madaftari yake yote kumi na tisa, nami nanukuu machache: “Kosa lililofutwa kwa mate hutoboa karatasi.” “Aliyeuliza njia hajapotea, amechelewa tu.” “Jifunze kusema sijui, halafu useme najua, ukianza na la pili hutapata nafasi ya la kwanza.” “Mwenzako akikupita kwenye hesabu, mpite kwenye kufagia, mtakutana mlangoni.” Siku ya Ijumaa, kipindi cha mwisho, mwanafunzi yeyote aliruhusiwa kuchukua chaki na kuandika pingamizi lake chini ya neno la mwalimu, na mwalimu alikuwa amejiwekea sharti la kulijibu. Mtoto mmoja aliwahi kuandika kwamba yeye hufagia kila siku na bado hesabu anapata sifuri, marehemu akamjibu kwamba basi apunguze kufagia, na muda unaobaki afanye hesabu.

Tarehe 22 Julai 1961, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yangu huyu mnayemwona mbele, aliyekuwa muuguzi, na katika ndoa ya miaka karibu hamsini walijaliwa watoto wanne, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1962, kisha mabinti wawili, kisha kitinda mimba wa kiume. Wote wako hapa.

Sasa nafika mahali ambapo jana, saa kumi jioni, familia ilikaa kikao na haikuelewana. Niseme kwanza kilichotokea, kisha kwa nini kinasomwa leo.

Ijumaa, tarehe 8 Oktoba 1976, darasa la saba lilikuwa likifanya mtihani wa majaribio wa hesabu. Chini ya dawati la tatu iliokotwa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye majibu yote. Sheria ya shule ilikuwa kwamba anayeiba mtihani haruhusiwi kukaa mtihani wa mwisho, nao ulibakiza siku kumi. Mwalimu mkuu alimwuliza marehemu mbele ya darasa, mwandiko wa nani huu, na marehemu, ambaye alijivunia kwamba anaweza kumtambua kila mwanafunzi wake kwa herufi moja, aliitazama kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, akamtaja kiranja wa darasa, msichana wa miaka kumi na minne, binti wa mfua nguo wa hospitali, ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa na kituo katika mazungumzo. Ufunguo wa kabati la mitihani ulikuwa mikononi mwake, na ndiye aliyeandika vizuri kuliko wote, ikaonekana ushahidi umetimia.

Chiriku hakulia. Alikwenda ubaoni, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, akachukua chaki, na chini ya neno la wiki akaandika, “Mwalimu, umenifundisha mwandiko wako, sasa unanifukuza kwa mwandiko wako?” Marehemu alilifuta. Katika miaka thelathini na mitano ya kazi, ndilo pingamizi pekee alilolifuta bila kulijibu. Binti aliondoka na mkoba wake saa saba mchana, hakufanya mtihani wa mwisho, hakurudi shuleni.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1993. Wiki ile, akipanga faili za ofisi ili akabidhi, aliikuta karatasi ile, na kwa mara ya kwanza hakutazama herufi, alitazama tarakimu. Kila saba ilikuwa na mkato katikati. Shuleni kwake hakuna mtoto aliyefundishwa kukata saba. Mtoto mmoja tu alikuwa na saba za namna hiyo, na alizipata kwangu, kwa kuwa nilikuwa karani wa mahakama, na sisi makarani tulikata saba ili isije ikasomwa moja, na likizo ya Aprili 1975 mtoto huyo alikaa kwangu wiki tatu akinisaidia kunakili orodha. Ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Alikuwa katika darasa lile lile, na mkoba wa baba yake wenye mitihani ulilala kila siku kwenye meza yao ya chakula.

Marehemu alimwuliza mwanawe, naye hakukana. Alisema, “Baba, nilikuwa mtoto, nilikuogopa. Leo mimi ni mkaguzi wa shule. Ukilifukua hili utanifukia mimi.” Marehemu alinyamaza miaka kumi na saba. Sitampamba, alinyamaza kwa sababu alimpenda mwanawe, na kwa sababu alimwonea haya yule binti, na aliniambia kwamba hakujua lipi lilizidi.

Mwezi Septemba 2010 madaktari walimkuta na saratani ya koo. Tarehe 4 Oktoba, akiwa na sauti ya kunong’ona tu, alikwenda chumba cha cherehani nyuma ya soko, ambako Chiriku ni fundi wa sare za shule kwa miaka thelathini, akamweleza kila kitu. Fundi hakusimamisha mashine hadi alipomaliza mshono. Kisha alisema maneno haya, ambayo marehemu aliyaandika jioni ile ile, “Shikamoo mwalimu. Ulinitaja mbele ya watu arobaini na mmoja, kwa sauti ya kutikisa madirisha. Leo unaninong’onezea kwenye vitambaa? Mama yangu ana miaka themanini na minne, bado majirani wakigombana naye wanamwambia mzaa mwizi. Kanitaje kama ulivyonitaja.” Marehemu alisema, “Una haki, binti yangu.” Fundi akamjibu kwamba hilo la binti yangu lisubiri.

Shule ilimpangia siku ya kuzungumza mbele ya wanafunzi na wazazi, Ijumaa tarehe 11 Februari 2011, lakini tarehe 2 Februari sauti yake ilikatika kabisa na hakutamka neno tena. Aliandika ukurasa mmoja, akaniagiza niusome siku ya maziko yake. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 14 Juni 2011, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana mtoto wake wa kwanza aliniomba niiruke sentensi moja. Alisema, “Baba mkubwa, msafishe fundi, sikatai, lakini aliyeandika asitajwe. Ukimtaja, kesho unanizika na mimi.” Dada zake walimuunga mkono, kitinda mimba akasema kaka alipe alichokula, wakanyanyukiana. Ndipo shemeji yangu aliposema, “Mkisoma mazuri yake matupu, mtakuwa mmemsomea marehemu mwingine. Huyu wangu namjua.” Nilimkabidhi mtoto wa kwanza karatasi, nikamwambia ya baba yako hii, sitaisoma bila wewe kuniletea mwenyewe. Nilijua kwamba angeweza kuichana.

Leo saa mbili na nusu asubuhi ameniletea. Nimeikagua, hakuna neno lililofutwa. Yupo hapa, kiti cha nne mstari wa mbele. Sasa nasoma, kama ilivyoandikwa:

“Mimi, mwalimu wa darasa la saba la mwaka 1976, nilimwita mwanafunzi wangu Chiriku mwizi mbele ya wenzake. Hakuiba. Karatasi iliandikwa na mwanangu wa kwanza, naye aliiandika kwa kuniogopa, kwa hiyo katika kosa lake nina sehemu yangu. Lakini kosa la kumtaja asiyehusika ni langu zima, sigawani na mtu. Nilikuwa na hakika, sikuwa nimeuliza. Wanafunzi wangu, mkiwa na hakika juu ya mtu, ulizeni mara moja zaidi, hasa mkiwa mnasikilizwa. Kwa mama yake Chiriku: hukuzaa mwizi.”

Mwisho wa maneno ya marehemu.

Fundi Chiriku na mama yake wako hapa, wameketi upande wa dirisha. Familia haisemi kwamba wamesamehe, hawajatuambia hivyo, nasi hatukuwauliza, kwa kuwa si haki kumwuliza mtu swali hilo penye jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliopokezana kukaa na mgonjwa, na walimu wote waliofanya naye kazi. Inawashukuru pia wanafunzi wa darasa lile. Nimehesabu kwa daftari la mahudhurio, kati ya arobaini na mmoja waliosikia siku ile, sita wametangulia mbele ya haki, ishirini na wawili wamesikia leo, na kumi na watatu walio mbali nimewaandikia barua, kila mmoja kwa jina lake, nakala ya ukurasa huu ikiwa ndani. Barua hizo zilipelekwa posta asubuhi hii na mtoto wa kwanza wa marehemu, baada ya kunirudishia karatasi na kunitolea nakala zake.

Mdogo wangu, sauti imefika. Pumzika kwa amani.